Deflekta za vioo vya Hilux: za kuchomeka ao za kubandika?

#1 Keshero_Vigo
Salamu wakubwa. Niko na Hilux Vigo ya kabini mbili, ninafanya nayo Goma–Sake–Minova karibu kila juma, mara mizigo, mara watu. Mvua ya huku munaijua. Ukifunga vioo vyote, pumzi za abiria zinageuka ukungu kwenye parabrize, kioo kikubwa cha mbele, kabla hata ya kufika Mugunga. Ukifungua kidogo, maji yanashuka ndani ya mlango hadi kwenye vibonyezo vya vioo. Klima yangu, ile ya kupoza hewa, imeisha gazi.

Nataka kuweka deflekta, vile vipande vya plastiki vya kukinga mvua juu ya vioo, milango yote minne. Wauzaji wa Birere hapa Goma wamenionyesha aina mbili. Moja nyembamba, rangi ya moshi, inachomekwa ndani ya mpira ambamo kioo kinapita. Nyingine pana, inabandikwa nje kwa skochi, utepe wa gundi pande mbili. Muuzaji wa kwanza anasema za kubandika zinaanguka zote. Jirani yake anasema za kuchomeka zinaua mota ya kioo. Kila mmoja anasifu ile aliyonayo mezani. Kwa wale wamezitumia misimu ya mvua: ipi inadumu kwa barabara zetu?

#2 Fundi_Birere
Kuchomeka. Skochi na vumbi la volkano havijawahi kupatana.

#3 MamaTresor_Himbi
Havipatani kwako, fundi. Gari langu lilitoka Japani na deflekta za kubandika zikiwa tayari juu yake, na hadi leo zote nne ziko palepale. Nimepita nazo Rutshuru, nimepita nazo Masisi, mawe na matope. Usimtishe kijana wa watu.

#4 Fundi_Birere
Mama Tresor, shikamoo. Lakini inama uangalie chini ya hizo deflekta zako karibu na ukingo wa mlango. Utaona vibanio vidogo vya chuma vimeingia kwenye mpira. Zile za Japani hazishikwi na skochi peke yake: skochi inafanya nusu ya kazi, chuma kinafanya nusu nyingine. Zinazouzwa huku ndani ya nailoni hazina hata kibanio kimoja. Tusilinganishe.

#5 MamaTresor_Himbi
Nimetoka kuangalia sasa hivi. Vibanio viko kweli, viwili kila mlango wa mbele. Basi Keshero, ukipata zenye vibanio, chukua hizo. Msimamo wangu haujabadilika.

#6 Bwana_Katuba
Jambo yenu wa Kivu. Hapa Lubumbashi shida yetu njo upepo zaidi ya mvua. Barabara ya Likasi iko lami, gari linafika 100, na deflekta pana ya kubandika inaanza kupiga filimbi karibu na sikio la dereva mpaka unashindwa kusikia simu. Nilitoa zile pana, nikaweka nyembamba za kuchomeka, kelele ikapungua sana. Haikuisha, ilipungua.

Juu ya vumbi: la kwetu jekundu, laini kama unga wa muhogo, linaingia kila mahali. Za kuchomeka linazikalia pale juu, kioo kikipanda kinakwaruzwa. Vioo vyangu vya mbele viko na mistari ukiviangalia jua likiwa chini.

#7 Nyawera_D4D
Bwana Katuba, munaongea mambo ya 100 kwa saa wakati sisi Bukavu tunapiga vigelegele gari likifika 30 pale panapoitwa Essence 😂 Filimbi tutaisikia wapi?

Kuhusu mota ya kioo, niliwahi kufanya umeme wa magari, niseme kidogo. Deflekta haiui mota. Inachofanya ya kuchomeka ni kuongeza unene ndani ya mfereji, kwa hiyo kioo kinabanwa kikifika juu. Kama kioo chako ni kile kinachopanda chenyewe ukigusa mara moja, ndani kuna ulinzi wa vidole: mota ikihisi kizuizi, inarudisha kioo chini. Inadhani imebana mkono wa mtoto. Mtu anaona kioo kinapanda kinashuka, anasema mota imekufa, anaenda kununua nyingine. Mota ni nzima. Mpira ndio umejaa.

#8 Keshero_Vigo
Asante Nyawera. Kwangu ni kioo cha dereva tu kinachopanda chenyewe. Vingine vitatu lazima ushikilie kibonyezo.

#9 Nyawera_D4D
Basi shida inaweza kukupata mlango mmoja tu. Hivyo vitatu havina akili ya kurudi, vitasukuma mpaka vifunge. Ila kwa vitatu hivyo usikae umeshikilia kibonyezo kwa nguvu kioo kikikwama. Hapo ndipo mota inachemka kweli, na muuzaji wa pili wa Birere atapata la kusema.

#10 Fundi_Birere
Kuna namna ya kuchomeka. Wengi wanapachika tu, wanalipwa, wanakwenda.

Kwanza kioo kinashushwa chote. Mfereji wa mpira unasafishwa kwa kitambaa na maji ya sabuni, na hapo utashangaa: kitambaa kinatoka cheusi, na mchanga wa mawe ya volkano unausikia chini ya kidole kama chumvi ya mawe. Huo mchanga ndio unaochora vioo, Bwana Katuba, usiisingizie deflekta. Mpira ukikauka, unapakwa silikoni ya kupuliza. Deflekta inakunjwa kidogo katikati kwa mikono miwili, ncha ya mbele inaingia kwanza, kisha ya nyuma, kisha unaiachia ijinyooshe yenyewe ndani ya mfereji. Halafu kioo kinapandishwa polepole, huku kidole cha mwenzako kikisukuma deflekta kwa nje. Kikifunga, kinabaki kimefungwa usiku na mchana, hata siku mbili, ili mpira uzoee umbo jipya. Mteja akifungua dakika hiyohiyo ili aonyeshe rafiki zake, ndiye huyo anayerudi na kioo kinachopanda na kushuka.

#11 Mzee_Katindo
Vizuri fundi. Hayo ya kuacha vioo vimefungwa hata karatasi za viwanda ndivyo zinasema. Lakini umegusa jambo moja na ukalipita: silikoni. Mtu akipaka silikoni kwenye mpira, halafu kesho akaamua kubandika za skochi, skochi haitashika kabisa, kwa sababu silikoni inatambaa juu ya rangi na huioni. Na vijana wa kuosha magari hapa mjini wanapaka mafuta ya kung'arisha hadi kwenye fremu ya mlango. Nadhani nusu ya deflekta zinazoanguka Goma zimeangushwa na mng'aro huo. Vumbi tunalionea bure.

#12 Ndosho_Kemia
Mzee Katindo amesema kweli, niongeze upande wa joto na muda, maana ninafundisha kemia.

Skochi nzuri za povu, kwa mfano zile za 3M aina ya VHB, hazishiki mara moja kama gundi inayokauka haraka. Kwa joto la kawaida la chumbani zinafikia karibu nusu ya nguvu baada ya dakika 20, karibu 90 kwa mia baada ya saa 24, na nguvu yote baada ya saa 72. Kiwanda kinashauri kubandika kati ya nyuzi 21 na 38. Sasa Goma tuko mita kama 1,500 juu ya bahari. Asubuhi chuma cha mlango ni cha baridi. Fundi anabandika saa moja asubuhi, mteja analipa, anaondoka kwenda Sake kwa makorogo, jioni anapitisha gari kwenye mashini ya maji ya nguvu. Deflekta ikianguka anasema ni mchina.

Bandika saa saba mchana, gari likiwa limekaa juani. Futa kwa alkoli, acha ikauke, gandamiza kila sehemu kwa kidole gumba. Usioshe kwa siku tatu.

#13 Bwana_Katuba
Hii ya baridi ninaiunga mkono. Huku mwezi wa sita na wa saba asubuhi tunavaa makoti. Kijirani changu alibandika kipindi hicho, kipande cha nyuma kikaenda na upepo kabla ya Likasi. Za wenzake waliobandika mwezi wa kumi, joto likiwa kali, bado ziko.

#14 Dereva_Sake
Munaongea silikoni, baridi, kemia. Mimi ninabeba watu kila siku na ninawaambia kinachoziangusha: ni mikono ya watu. Mama anapanda nyuma na mzigo wa sombe mgongoni, atashika wapi? Anashika deflekta. Kijana anaruka kutoka kwenye bene, kule nyuma kwa mizigo, gari likitembea, anashika deflekta. Ya kubandika inang'oka nzima na rangi ya gari inafuata. Ya kuchomeka inapasuka katikati, na kile kipande kilichobaki ndani ya mpira kinakata kama wembe. Nilishonwa kidole sababu ya kipande hicho.

Keshero kama unabeba watu, weka kwanza chuma cha kushikia nyuma ya kabini. Halafu njo uulize deflekta.

#15 MamaTresor_Himbi
Pole Dereva. Hili ndilo neno la maana zaidi tangu tuanze.

#16 Fundi_Birere
Kweli. Za kuchomeka nyingi ni akriliki, plastiki ambayo haipindi sana, inavunjika.

#17 Ndosho_Kemia
Si zote. Kuna za akriliki na kuna za polikaboneti, na zikiwa mezani kwa muuzaji zinafanana kabisa. Akriliki inavumilia jua miaka bila kugeuka njano, lakini ikipigwa inapasuka. Polikaboneti unaweza kuikunja, inavumilia kipigo kuliko akriliki mbali sana, lakini inachubuka haraka, na kama haikupakwa kinga ya jua inageuka njano na kuwa na utusitusi. Anayesema deflekta zinayeyuka juani, hapana: akriliki inaanza kulegea karibu na nyuzi 105, polikaboneti karibu na 147. Gari lililoegeshwa Birere haliwezi kufika huko.

Kinachoziua kwa siri ni kufuta kwa esansi, tina ao asetoni. Baada ya muda utaona nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, hasa pale ilipokunjwa. Hata alkoli ninayoisifu ni ya kufutia mlango, usiimwagie deflekta yenyewe. Yenyewe ni maji na sabuni laini tu.

#18 Mzee_Katindo
Mwalimu, na moshi wa Nyiragongo? Mvua yetu si mvua ya kawaida. Mabati yetu yanaota kutu upesi kuliko ya Bukavu, kila mwenye nyumba anajua. Nimeona deflekta zenye utepe wa kromu zikichunika kwa msimu mmoja. Mimi ninasema gesi ya volkano inakula.

#19 Ndosho_Kemia
Mzee wangu, gesi ya salfa kutoka Nyiragongo na Nyamulagira inaigeuza mvua kuwa na asidi, hilo halina ubishi. Na kromu ya bei rahisi, ambayo ni rangi nyembamba juu ya plastiki, inaweza kuchunika. Lakini akriliki yenyewe haiguswi na asidi ya mvua. Kwa hiyo chukua isiyo na kromu, volkano haitapata pa kuuma.

#20 Nyawera_D4D
Bukavu hatuna volkano juu ya kichwa, na kromu za bei rahisi zinachunika vilevile. Mimi ninasema ni jua na sabuni kali ya kuoshea.

#21 Mzee_Katindo
Bukavu munayo mvua inayonyesha hata usingizini, itachunika tu 😄 Mimi nimekaa hapa 2002 lava ikipita katikati ya mji, na 2021 tukikimbilia Sake. Mvua ya hapa ninaijua ladha yake.

#22 Furaha_Majengo
Samahani wakubwa, swali la kando. Keshero anataka deflekta kwa sababu ya ukungu. Je, kweli zinatoa ukungu? Shemeji yangu alifunga zote nne na bado anafuta parabrize kwa leso.

#23 Nyawera_D4D
Zinasaidia ukifungua kioo. Pale nyuma ya deflekta, gari likitembea, hewa ya nje inapita kwa kasi na kuvuta hewa ya ndani itoke. Ndiyo maana unaacha uwazi wa kidole kimoja tu, maji hayaingii na unyevu unatoka. Gari likisimama kwenye foleni hakuna mvuto huo, ukungu unarudi. Shemeji yako amefunga deflekta, akafunga na vioo?

#24 Furaha_Majengo
Amefunga vyote 😅 Anasema mvua.

#25 Nyawera_D4D
Basi ni mapambo. Mwambie pia aangalie kile kibonyezo cha mzunguko wa hewa. Watu wanakiweka kwenye hewa ya ndani kwa sababu ya vumbi, halafu wanakisahau hadi mvua. Hewa ileile yenye pumzi za watu inazunguka, lazima kioo kilie. Weka hewa ya nje, fungua joto kuelekea parabrize. Na Keshero, jaza gazi ya klima. Klima inakausha hewa kuliko deflekta yoyote.

#26 Dereva_Sake
Kata kiazi, sugua parabrize kwa ndani, acha kikauke. Ukungu hautauona safari nzima.

#27 Bwana_Katuba
Kiazi kinaacha utando. Usiku ukikutana na lori la Kasumbalesa na taa zake kubwa, hauoni kitu. Sabuni ya maji, tone moja, usugue na kitambaa kikavu mpaka iishe.

#28 Dereva_Sake
Usiku siendi popote, bwana. Kiazi.

#29 MamaTresor_Himbi
Angalieni pia chini ya tapi, zulia la sakafu ya gari. Langu lilikuwa na ukungu hata bila abiria, kumbe maji yalikuwa yamelowesha sponji chini ya miguu ya abiria wa mbele. Tulilitoa, tukalianika juani, likawa gari jingine.

#30 Kadutu_LC
Mimi nina Land Cruiser pickup ya kabini moja, vioo vya kuzungusha kwa mkono. Nichomeke ao nibandike? Na volani (usukani) iko kuume, muuzaji ameniambia lazima nitafute deflekta za volani ya kuume.

#31 Fundi_Birere
Huyo muuzaji umuache. Mlango haujui volani iko wapi. Kinachobadilisha deflekta ni kizazi cha gari na aina ya kabini. Deflekta ya Vigo haikai kwenye Revo, Hilux ya kizazi kilichofuata, ambayo ilianza 2015. Na mlango wa mbele wa Hilux ya kabini moja ni mrefu kuliko wa kabini mbili, kwa hiyo hata mwaka ukiwa mmoja, pima kwanza.

Yako ya kuzungusha kwa mkono, chomeka bila woga. Mkono wako utasikia kioo kikibana kabla ya kuharibu chochote.

#32 Mzee_Katindo
Kadutu, Land Cruiser hiyo ina ule mfereji wa maji juu ya mlango, kwenye ukingo wa paa. Huo peke yake unazuia maji mengi ya paa yasidondoke ndani. Ukichukua ya kubandika, hakikisha haigusi mfereji huo, la sivyo maji yatajaa pale na kutu itaanza.

#33 Kadutu_LC
Aksanti wakubwa. Na ile rangi nyeusi kabisa? Askari mmoja barabarani alimsimamisha mwenzangu akasema ni vioo vyeusi, wakabishana hadi jua likazama.

#34 Dereva_Sake
Chukua ya moshi mwepesi, ile unaona mkono wako upande wa pili. Nyeusi kabisa tena inaficha kioo cha pembeni kwa dereva mrefu. Mimi ni mrefu, ninainama kama ninasali kila nikikata kona.

#35 Keshero_Vigo
Nimesoma yote, asanteni sana. Nimefikia hapa: milango ya mbele nichomeke, ila ya dereva nijaribu kwanza kioo kitakavyopanda. Milango ya nyuma, ambako watu wanashika, nibandike zenye vibanio, saa saba mchana, bila silikoni karibu. Na chuma cha kushikia kitawekwa kwanza.

#36 Fundi_Birere
Kuchanganya aina mbili gari moja? Mbele nyembamba, nyuma pana? Litaonekana kama limevaa viatu tofauti. Chomeka zote.

#37 MamaTresor_Himbi
Bandika zote. Na vibanio.

#38 Dereva_Sake
Nyuma usiweke kitu. Abiria wa nyuma wafunge vioo.

#39 Ndosho_Kemia
Wakifunga wote ukungu unarudi, Dereva. Keshero, kabla ya kununua hizo za nyuma, bonyeza povu la skochi kwa ukucha. Likirudi polepole ni zuri. Likibaki limebonyea, ama likitoa vumbi, limezeeka dukani. Hilo unaweza kulitoa lote na kuweka skochi mpya, ni bei ndogo.

#40 Kadutu_LC
Hiyo skochi mpya kwa Bukavu inapatikana wapi? Ile nimeona Kadutu imeandikwa jina la 3M lakini herufi zake zimepinda.

#41 Nyawera_D4D
Usiichukue hiyo. Uliza kwa wanaopachika parabrize, wao wanaitumia kila siku na wanaiuza kwa mita. Nenda na kipimo cha upana, nyingi za deflekta ni milimita kama 6 hadi 10, ukichukua pana itatokeza nje na kukamata matope.

#42 Kadutu_LC
Sawa. Kesho nitapima, nitaleta picha hapa.